Gemu ya kujenga leveli, kutoka kompyuta hadi PSP: mwongozo kamili

Chukua daftari la hesabu, lile la miraba, uchore boksi la miraba 30 kwa upana na 17 kwa kimo. Hapo umeshachora kioo cha PSP, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi. Kioo hicho kina pikseli 480 kwa 272, na vigae (vipande vya picha vya mraba) vya pikseli 16 vinakijaza bila kubakiza kitu upande wowote. Hesabu hiyo niliipiga kibarazani kwetu Chang'ombe, Dodoma, jioni moja umeme umekatika na kompyuta imezima, nikiwa na kalamu na daftari la mpwa wangu tu. Umeme unarudi, nilikuwa nimeshaamua gemu yangu inahamia wapi.

Gemu yenyewe ni ya kukimbia na kuruka. Kijana mchunga mbuzi anatoka paa hadi paa la tembe, anakwepa miiba ya migunga, anaokota zabibu. (Tembe za Wagogo zina paa bapa la udongo. Kama kuna nyumba iliyojengwa kwa ajili ya gemu za kuruka, ni hiyo.) Ila kinachowakesha watoto ni nusu ya pili: mchezaji anajenga leveli zake mwenyewe, kigae kwa kigae, kisha anawapa wenzake wahangaike nazo. Niliiandika kwa lugha ya C na maktaba ya SDL2 (msimbo wa tayari wa kuchora na kusoma vitufe), na ujenzi wote ulikuwa wa kipanya.

Kwa nini PSP, mashine ambayo Sony ilianza kuiuza Japani Desemba 2004 na siku hizi haitengenezwi tena? Kwanza, kuna PPSSPP. Emuleta hiyo, yaani programu inayoiga PSP, utaikuta kwenye simu za vijana kila kijiwe, kwa hiyo faili moja linachezeka kwenye PSP halisi na kwenye simu ya Android. Pili, zana za kuitengenezea programu ni za bure na bado zinatunzwa. Tatu, niseme ukweli tu, nilikuwa nayo moja kabatini.

Kinachohama ni karakana

Wengi wakitaka kuhamisha gemu ya aina hii huanza na mchezaji: anaruka vizuri? Fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, zinatosha? Hayo ni mepesi. Kigumu ni karakana, yaani ile sehemu ya kujengea. Kwenye kompyuta mjenzi ana kipanya na kioo kikubwa. Kwenye PSP ana vidole gumba viwili, na kioo cha kugusa hakuna.

Waliotangulia walikutana na hayo hayo. LittleBigPlanet ilipofika PSP mwaka 2009 ilikuja na ujenzi wake wa leveli, lakini kucheza watu kadhaa pamoja kuliachwa nyuma. Super Mario Maker ilitoka kwenye Wii U mwaka 2015, ikafika 3DS Desemba 2016. Kwenye 3DS unajenga, lakini huwezi kuipandisha leveli yako mtandaoni. Unampa aliye karibu nawe, mashine kwa mashine. Lawama ziliangukia hapo hapo. Mimi nilichukua somo langu nikaandika maneno matatu juu ya ukurasa: kujenga, kujaribu, kutoa. Kisicho kati ya hayo nilikuwa tayari kukikata, na nilikata vingi. Kucheza wawili, mvua, kuzungusha vigae, kuchagua muziki wa leveli, vyote vilikwenda.

Anza bila PSP

Wiki mbili za mwanzo usiiguse PSP. Fungua gemu kwenye kompyuta, liweke dirisha la 480 kwa 272, zima kipanya, chomeka padi. Matatizo mengi yatajitokeza hapo, mahali ambapo kuyatengeneza ni rahisi.

La kwanza kujitokeza ni macho. Gemu yangu ilikuwa na kioo cha 1280 kwa 720 na vigae vya pikseli 32, hivyo mchezaji aliona vigae 40 mbele yake. Sasa anaona 30. Anafika kwenye mwiba kabla hajauona, kisha anakulaumu wewe. Dawa yake ni kuitanguliza kamera vigae vinne upande anaoelekea, polepole, la sivyo kichwa kitamuuma kila akigeuka. Mpe pia uwezo wa kuchungulia chini akishikilia kitufe cha chini. Leveli zangu tatu za zamani zilizomtaka mtu ajirushe shimoni kwa imani, nilizijenga upya.

La pili ni namba. Kichakata cha PSP kinazijua hesabu za desimali za aina ya `float`. Za `double`, zenye tarakimu nyingi zaidi, zinafanywa kwa programu, na zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ubaya wa C ni kwamba ukiandika `0.5` badala ya `0.5f` umeshaingia kwenye `double` bila kujua. Kompaili kwa kuongeza `-Wdouble-promotion`, uone orodha itakavyokushangaza. Baada ya kuifuata orodha hiyo siku nzima niliamua kuachana na desimali: mahali pa mchezaji nikapahesabu kwa namba kamili, kizio kikiwa 1/256 ya pikseli. Faida yake ni kubwa kuliko kasi. Mruko unakuwa ule ule kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye PSP. Katika gemu ambayo watu wanapeana leveli, pengo la vigae vitano linalovukika kwa shida hapa lazima livukike kwa shida ile ile kule. Likigoma kwenye mashine moja, mjenzi ataitwa tapeli.

La tatu ni kuutenganisha msimbo mafungu matatu: sheria za gemu, uchoraji, na vitufe. Faili la sheria lisijue kabisa kama kuna SDL duniani. Fungu la vitufe litoe vitendo tu, kama "ruka", "weka" na "futa", na sheria zisiulize kimetoka kitufe gani. Kazi hii inachosha na haina picha ya kumwonesha mtu, ila ndiyo itakayokuwezesha kubadili vitufe mara tano bila kulia.

Zana

Hapa hakuna mengi. Mkusanyiko wa zana unaitwa pspdev. Unakwenda vizuri kwenye Linux, na kwenye Windows kupitia WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows). Pakua kwa bando la usiku, fungua kifurushi, elekeza `PSPDEV` kwenye folda yake, ongeza `$PSPDEV/bin` kwenye `PATH`. Ndani ya folda ya gemu tengeneza folda ya `build`, ingia, andika `psp-cmake ..` kisha `make`. Ukiwa umeweka `create_pbp_file` kwenye faili lako la CMake, lile la maelekezo ya kujenga programu, utapata faili liitwalo EBOOT.PBP. Hilo linakwenda kwenye memori kadi, `PSP/GAME/jina_la_gemu/EBOOT.PBP`. PSP halisi inahitaji iwe imefunguliwa, yaani ina ile firmwea (programu ya msingi ya mashine) iliyobadilishwa ambayo mafundi huiita CFW. Za mitumba nyingi huja nayo tayari; tazama taarifa za mfumo kwenye mipangilio kabla hujamlipa fundi.

Kitu kimoja ambacho wageni husahau: kitufe cha HOME hakifanyi kazi chenyewe. Lazima usajili mwito wa kutoka, la sivyo mchezaji atatoka kwa kuizima mashine.

Karakana ya vidole gumba

Sehemu hii niliiandika mara nne. Ya kwanza niliweka kishale kinachoelea, kinasukumwa na kile kijiti cha kushoto kana kwamba ni kipanya. Kibaya kabisa. Kijiti cha PSP ni kifupi, na kwa mashine iliyotumika miaka hakirudi katikati sawasawa, kwa hiyo kishale kinatembea chenyewe. Thamani zake zinatoka 0 hadi 255, katikati ni kama 128. Kwangu kilipumzika kwenye 151.

Toleo lililobaki liko hivi. Vitufe vya mishale vinasogeza kishale mraba mmoja mmoja. Ukishikilia, kinasubiri fremu 15 kisha kinakimbia mraba mmoja kila fremu tatu. Namba hizo mbili zijaribu kwa mikono ya watu tofauti, usizichague kwa hisia zako peke yako. Kijiti kinasogeza kamera tu, na chochote kilicho ndani ya 40 kutoka katikati kinapuuzwa. X inaweka kigae, kitufe cha mraba kinafuta, duara linarudisha nyuma kosa, na pembetatu inachukua kigae kilicho chini ya kishale ili ukiweke pengine. Hiyo pembetatu ndiyo iliyoiokoa karakana. Watu hawataki kwenda kwenye orodha kutafuta paa la tembe ilhali paa liko pale pale mbele yao.

L ikishikiliwa, orodha ya vigae inatokea chini ya kioo kwa mstari mmoja, vinane kwa mpigo, ukiiachia inapotea. R ikishikiliwa pamoja na X inachora boksi: weka pembe moja, sogea, achia, boksi lote limejaa. Bila hiyo, kujaza ardhi ya leveli moja ni kubonyeza mamia ya mara, na kidole gumba cha mtoto kina mwisho wake.

START inaanza kucheza hapo hapo kishale kilipo. START tena inarudisha kwenye ujenzi, kishale kikiwa pale mchezaji alipofia. Usiweke kioo cha kusubiri, wala swali la "una uhakika?". Mjenzi anaweka jiwe, anajaribu mruko, anarudi, anasogeza jiwe mraba mmoja, anajaribu tena, na huenda akafanya hivyo mara sitini kwa dakika kumi. Kila nusu sekunde unayoongeza hapo inamfanya ajenge leveli mbovu zaidi, maana atachoka kujaribu.

Kwa kipimo nilitumia daftari. Mpwa wangu, ana miaka kumi, nilimpa mchoro wa vigae 60 nikamwambia aujenge, mimi nahesabu anavyobonyeza. Toleo la pili lilimchukua mara 214. La nne, mara 97. Mwishoni akaniambia, "Anko, ile ya kwanza ilikuwa adhabu."

Leveli ndani ya baiti

Leveli yangu kubwa kabisa ni vioo vinane kwa upana na viwili kwa kimo: miraba 240 kwa 34, yaani 8,160. Kila mraba ni baiti moja, na baiti moja inabeba namba 256, kwa hiyo vigae ni 256. Picha moja ya 256 kwa 256 ina nafasi ya vigae 256 kamili vya pikseli 16. PSP haikubali tekscha (picha ya kuchorea) inayozidi 512 kwa 512, na vipimo lazima viwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mbili. Hii iko ndani ya mipaka. Hesabu zikikubaliana hivi usishindane nazo. Rafiki yangu mmoja alitaka vigae 300, akaishia kwenye baiti mbili kwa kila mraba na picha mbili za vigae, kisha akavikata vigae 90 alivyoona havitumiki.

Kurudisha nyuma makosa usikufanye kwa kunakili leveli nzima kila mara. Andika badiliko tu: mahali (baiti 2), kigae cha zamani (1), kipya (1). Makosa elfu moja yanakula baiti 4,000. Boksi la R lihesabike kuwa tendo moja, la sivyo mtu atabonyeza duara mara 80 kufuta boksi moja.

Kwenye faili, finya kwa kuhesabu marudio: "tupu mara 240" inakuwa baiti mbili. Soma mstari kwa mstari kwenda pembeni, kwa sababu anga na ardhi zimelala hivyo. Leveli za kawaida zangu zinakaa chini ya kilobaiti 2. Mwanzo wa faili weka herufi nne za utambulisho, namba ya toleo, upana, kimo, na cheki ya CRC32, namba inayoonesha kama faili limeharibika. Namba ya toleo iweke hata kama una hakika hutabadilisha chochote. Utabadilisha.

Kuhifadhi kunataka woga kidogo. Mara moja betri ilikata katikati ya kuandika, na leveli aliyoijenga mpwa wangu Jumamosi nzima ikawa faili la baiti sifuri. Tangu hapo kila leveli ina mafaili mawili, A na B, yenye namba inayoongezeka. Unaandika kwenye lile la zamani, unalifunga, basi. Wakati wa kufungua, chukua lenye namba kubwa ambalo cheki yake inakubali. Ukikatika umeme wa mashine unapoteza dakika chache, leveli inabaki. Na usiache faili wazi mchezaji akiendelea kucheza; akiilaza mashine kwa swichi na kuiamsha, faili lililoachwa wazi linaweza kugoma.

Kuchora

PSP ya kwanza, ile 1000, ina memori ya megabaiti 32, na programu yako inapata kama 24. Zilizofuata zina 64. Lenga 24 na usahau kuwa 64 ipo.

Memori ya picha ni megabaiti 2. Bafa moja ya kioo, yaani nafasi inayobeba picha nzima ya kioo, ina upana wa 512 (siyo 480) kwa 272. Kwa rangi za biti 32 hiyo ni baiti 557,056, na unahitaji mbili. Kwa rangi za biti 16 inashuka nusu. Mimi nilichukua biti 16. Vumbi la Dodoma lina rangi chache, na hakuna aliyeniuliza.

Kioo kikiwa kinasogea unachora vigae 31 kwa 18, yaani 558. Usiviite kimoja kimoja. Vikusanye uvitume kwa mkupuo mmoja. Kwenye SDL2 kuna `SDL_RenderGeometry` kwa kazi hiyo. Mkupuo huo ndio ulioniwezesha kubaki kwenye kasi ya kawaida ya 222 MHz. Unaweza kuipandisha hadi 333, ila betri za mitumba zimechoka tayari, na aliyeivimbisha betri yake hatakukumbuka kwa wema.

Rangi zijaribu nje, saa saba mchana. Ardhi yangu nyekundu na miiba ya kahawia vilionekana vizuri chumbani usiku. Juani viligeuka kitu kimoja. Nikaipa miiba ncha nyeupe. Sauti sina la kusema sana: milio mifupi ya WAV, na wimbo mmoja wa ilimba (ala ya muziki ya Wagogo) unaojirudia.

Emuleta inasamehe, mashine haisamehi

Gemu ilipokimbia kwenye PPSSPP bila kosa nilisherehekea mapema. Kwenye PSP halisi ilizima mashine kila nilipofungua leveli.

Kosa la kwanza lilikuwa kusoma namba ya baiti nne kutoka mahali pasipogawanyika kwa nne. Faili langu lilikuwa na herufi nne za utambulisho, jina la leveli, kisha upana. Jina likiwa na herufi saba, upana unaanzia baiti ya kumi na moja. Kompyuta haijali, emuleta haikujali, lakini kichakata cha PSP ni cha ukoo wa MIPS na hapo kinagoma palepale. Usiigeuze pointa kwa nguvu. Tumia `memcpy(&upana, p, 4)` na tatizo limekwisha. Kwa gemu ya leveli za watu hili ni la lazima, kwa kuwa jina analiandika mchezaji. Kwa jina la herufi nane utadhani kila kitu ni sawa.

Kosa la pili linawahusu wanaochora moja kwa moja kwa GU, maktaba ya picha ya PSP yenyewe, bila SDL. Kichakata huweka kinachoandikwa kwenye kashe (memori yake ndogo ya haraka), na chombo cha picha kinasoma memori yenyewe. Usipoita `sceKernelDcacheWritebackAll` baada ya kubadili tekscha, utaona vigae vimechanganyika na takataka. Kwenye emuleta huenda usione kitu.

Kwa hiyo jaribu kwenye mashine halisi angalau kila siku mbili. Mimi nilikuwa nikipanda treni ya SGR kwenda Dar nabeba PSP tu. Kompyuta inabaki nyumbani. Safari haifiki saa nne, na ukikaa na gemu yako muda huo bila uwezo wa kuitengeneza, unaandika orodha ya kasoro yenye ukweli mwingi.

Kutoa leveli

Nilifikiria seva. Kisha nikafikiria nani atailipia, nani atafuta leveli za matusi, na vijana wa huku wanapeanaje vitu sasa hivi. Wanatumiana WhatsApp. Faili la kilobaiti 2 linakwenda kama dokumenti hata bando likiwa la mwisho mwisho. Mwenye simu analiweka kwenye folda ya gemu ndani ya `PSP/GAME`, PPSSPP inaliona. Mwenye PSP anachomeka waya wa mini USB kwenye kompyuta, au kwenye simu kupitia OTG (kiunganishi cha USB cha simu), anawasha hali ya USB, memori kadi inafunguka kama flashi.

Faili lililotoka kwa mtu mwingine lisiaminiwe. Kabla ya kulifungua, hakikisha herufi za utambulisho zipo, upana hauzidi 240 wala kimo 34, kila kigae kiko kwenye orodha yako, na marudio yakijumlishwa yanatoa idadi kamili ya miraba, bila kuzidi hata mmoja. Kuna kijana alinitumia faili alilolihariri kwa mkono kwa makusudi, leveli yenye upana wa 65,535. Nilimshukuru na kumpa zabibu kilo moja.

Sheria moja nimeiiga kwa Super Mario Maker ya Wii U: mjenzi hawezi kuitoa leveli mpaka aimalize mwenyewe, kuanzia mlangoni hadi mwisho. Akiimaliza, gemu inaandika alama kwenye faili pamoja na muda wake. Akibadili hata kigae kimoja, alama inafutika. Siku ya kwanza niliyowapa vijana wa mtaani bila sheria hiyo nilipokea leveli kumi na moja, tisa hazikuwa na mlango wa kutokea.

Mwisho funga EBOOT.PBP, leveli zako za mfano, na faili fupi la maelezo kwa Kiswahili ndani ya zip moja. Ikoni ya gemu iwe PNG ya 144 kwa 80. Hiyo ndogo ichore kwa mkono, usiipunguze kutoka picha kubwa, kwa sababu mbuzi aliyepunguzwa hadi pikseli ishirini anafanana sana na mbwa, na utaulizwa kila siku kwa nini mbwa wako ana pembe.